German Shepherd, Ridgeback au Basenji: yupi wa kuanzia ukitaka maonyesho na uzalishaji

Siku ya maonyesho pale Jamhuri Park, Nairobi, mgeni husimama kando ya kamba akamwona mbwa mmoja akizungushwa ulingoni. Manyoya yanang'aa, hatua ni ndefu, mwenyewe amevaa koti lililopigwa pasi, na mwishowe utepe unatolewa. Mgeni anaenda nyumbani na neno moja tu mdomoni: "Nataka kama huyo."

Ndugu zake saba hakuwaona. Mmoja sikio lilikataa kusimama, mwingine nyonga zilionekana mbaya kwenye eksirei, wa tatu anaogopa watu. Wote wako mahali fulani, na wote wanakula kila siku.

German Shepherd nimefuga kwa miaka kumi na moja. Ridgeback nimewajua kupitia jirani ambaye nilimsaidia kulea uzao wa aina hiyo mara mbili. Basenji nilikaa naye miezi minne, nikimtunzia rafiki aliyesafiri, na miezi ile bado huwa nasimulia. Kwa hiyo sizijui mbegu hizi tatu kwa kiwango kimoja, na utaliona hilo ukisoma. Lakini kwa zote nimejikuta natumia kipimo kilekile: sichagui kwa kumtazama mtoto mmoja atakayekwenda ulingoni, nachagua kwa kuwatazama wale wengine ambao hawatakwenda.

Kabla ya kulinganisha, jambo moja lisilotegemea mbegu. Mbwa wa maonyesho ni mbwa mwenye cheti cha ukoo. Kenya, daftari la koo linashikwa na chama cha East Africa Kennel Club, na mtoto husajiliwa kwa sababu baba na mama wamesajiliwa. Mbwa wangu wa kwanza nilimnunua kwa muuzaji aliyeniambia "makaratasi yanakuja". Mwaka ulipita yakiwa bado yanakuja. Alikuwa mbwa mzuri wa nyumbani, akazeekea kwangu, lakini kwa kazi hii ya ukoo alikuwa sawa na bure. Cheti kipokee siku unayolipa, au lipa siku kikija.

Vipimo vya mwili, kwa haraka:

| | German Shepherd | Rhodesian Ridgeback | Basenji |
|---|---|---|---|
| Kimo cha dume | sm 60–65 | sm 63–69 | sm 43 |
| Kimo cha jike | sm 55–60 | sm 61–66 | sm 40 |
| Uzito wa dume | kilo 30–40 | kilo 36.5 hivi | kilo 11 hivi |
| Uzito wa jike | kilo 22–32 | kilo 32 hivi | kilo 9.5 hivi |
| Jike huingia joto | kama mara mbili kwa mwaka | kama mara mbili kwa mwaka | kwa kawaida mara moja |
| Watoto kwa uzao | mara nyingi 6–8 | mara nyingi 8 na zaidi | mara nyingi 4–6 |

Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayouma, nami nitairudia.

Ulingoni

German Shepherd, ambaye wazee wetu bado wanamwita Alsatian na watoto wanamwita mbwa wa polisi, ana historia iliyoandikwa vizuri. Mwaka 1899, kwenye maonyesho ya Karlsruhe huko Ujerumani, afisa wa jeshi la wapanda farasi aitwaye Max von Stephanitz alimnunua mbwa jina lake Hektor Linksrhein. Akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akaunda chama, na mbwa huyo akawa namba moja katika daftari. Von Stephanitz alitaka mbwa wa kazi, uzuri ufuate nyuma. Baadaye nyumba iligawanyika: wengine wakazalisha kwa ajili ya kazi, wengine kwa ajili ya ulingo, na leo mbwa wa pande hizo mbili ukiwasimamisha pamoja unaweza kudhani ni mbegu mbili. Upande wa ulingo uliinamisha mgongo kupita kiasi. Mwaka 2016, kwenye maonyesho ya Crufts huko Uingereza, jike aliyeshinda mbegu yake alionekana kwenye televisheni akitembea kwa shida, na kelele zikawa kubwa.

Kwa anayeanza, maana yake ni hii: usinunue German Shepherd kwa picha. Kwenye picha amesimamishwa, mguu mmoja wa nyuma umevutwa, na mpiga picha anajua anachoficha. Mwombe mwenye mbwa awatembeze wazazi kuja kwako, kisha kwenda mbali nawe, kwenye saruji. Sikiliza pia. Mbwa anayeburuta kucha za nyuma utamsikia kabla ya kumwona.

Ulingo wake una watu. Mbwa wako atasimama na wenzake wengi wa aina yake, na mwaka wa kwanza atashindwa, mara nyingi na mbwa wa watu walioanza kabla hujazaliwa. Mimi nalihesabu hilo kuwa faida. Kushika nafasi ya tatu kati ya tisa kumenifundisha zaidi ya nilivyofundishwa na utepe wowote, kwa sababu nafasi ya kwanza na ya pili zilikuwa zimesimama mbele yangu nikizitazama migongo.

Ridgeback ni wa kwetu zaidi, ingawa kidogo kusini. Mbwa wa Wakhoikhoi, wenye mstari wa manyoya yaliyogeukia mbele mgongoni, walichanganyika na mbwa wa walowezi, wakawa mbwa wa kumzuia simba hadi mwindaji afike. Mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo, na Francis Barnes akaandika kigezo cha mbegu, yaani maelezo ya mbwa anavyotakiwa kuwa, kwa kuazima kile cha Dalmatian, mbwa wa madoadoa. Mstari wa mgongoni ndio kila kitu: uanzie nyuma ya mabega, upungue ukielekea nyonga, na uwe na vizingo viwili vya manyoya vinavyotazamana, visivyoshuka kupita theluthi ya kwanza. Mtoto mwenye kizingo kimoja au vitatu ni mbwa kamili kwa kila jambo isipokuwa ulingo.

Hapo ndipo mbegu hizi zinapotofautiana kwa jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Ridgeback anakuambia siku ya kwanza. Mtoto akizaliwa, ukimkausha na kumpeleka kwenye mwanga, mstari unauona, vizingo unavihesabu. Saa mbili baada ya uzazi unajua kwamba kati ya kumi, wanne hawataingia ulingoni, na unaanza kuwatafutia nyumba mapema bila kujidanganya. German Shepherd anakungojesha. Masikio husimama baada ya miezi kadhaa, yakianguka tena wakati wa kubadilisha meno. Meno yenyewe lazima yahesabiwe, 42, naye akikosa moja jaji atalitaja. Nyonga hutazamwa rasmi kwa eksirei akishatimiza mwaka au zaidi, kutegemea utaratibu wa nchi. Wakati huo umeshamlisha, umemfundisha, umempa jina la ukoo wako, na moyo hautaki tena kusikia habari za eksirei.

Basenji yuko katikati. Rangi na soksi nyeupe za miguuni unaziona mapema, mkia uliojikunja unaonekana wiki za mwanzo, na magonjwa ya kurithi yanapimwa kwa kijiti cha pamba mdomoni.

Jina lake lina utani ambao Wazungu hawauoni. Latoka Kongo, kwenye neno la Kilingala ambalo ni ndugu wa "washenzi" wetu: mbwa wa washenzi, yaani wa watu wa msituni. Na hapa Nairobi mbwa asiye na ukoo anaitwa nani? Shenzi. Basi kuna mbwa mwenye cheti, ukoo ulioandikwa tangu miaka ya 1930, na jina lake kwenye cheti ni tusi lilelile tunalomtupia mbwa koko wa sokoni. Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, huwinda na mbwa wa aina hii kwa nyavu, wakiwafunga njuga za mbao shingoni, kwa kuwa mbwa hawabweki na mwindaji asingejua waliko. Wawili walipelekwa Uingereza mwaka 1895, wakaonyeshwa Crufts kama mbwa wa vichakani, wakafa kwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Walioonyeshwa 1937 ndio walioacha uzao.

Ulingoni Basenji ni mwepesi kumshika: anakaguliwa juu ya meza, hahitaji kuchanwa wala kunyolewa, na kamba moja nyembamba inatosha. Shida ni kwamba huku kwetu unaweza kujikuta peke yako. Ukiwa mbwa pekee wa mbegu yako, jaji akiridhika naye unakuwa bora wa mbegu, unapiga picha, unapanda kwenye kundi, na huko unakutana na Ridgeback. Kwa mpangilio wa Kennel Club ya Uingereza wote wawili ni mbwa wa kuwinda, kundi moja. German Shepherd yuko kundi jingine, la wachungaji.

Damu

Hapa nitatumia jambo ambalo kila mzazi wa Kanda ya Ziwa au Pwani analijua: selimundu. Kuna AA, AS na SS. AS haumwi, lakini wakikutana AS wawili, mtoto anaweza kuwa SS. Magonjwa mengi ya kurithi ya mbwa huenda hivyohivyo, na maabara inakupa jibu la namna hiyohiyo: safi, anayebeba, au mwenye nakala mbili. Anayebeba si wa kutupwa. Akipandishwa na aliye safi, hapatikani mtoto mgonjwa.

Basenji ana ugonjwa wa Fanconi, ambapo figo zinavuja sukari na virutubishi kwenye mkojo. Ubaya wake ni wakati. Huonekana mbwa akiwa na miaka minne hadi minane, yaani baada ya jike kuzaa na dume kutembea kwa majike wote wa wilaya. Kwa miaka mingi wafugaji hawakuwa na la kufanya ila kuchovya kile kijiti cha kupimia sukari, kama cha wagonjwa wa kisukari, kila mwezi, na kuomba Mungu. Kipimo cha kwanza cha jeni kilikuja 2007, na kilicho sahihi zaidi 2011. Tatizo lenyewe lilitokana na uchache wa waanzilishi: mbwa wa Ulaya na Marekani walitoka kwa wachache mno. Ndiyo maana Wamarekani walirudi Kongo, iliyokuwa Zaire, mwaka 1987 na 1988, wakachukua mbwa vijijini, na mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kuwapokea. Mbwa wa kijijini, asiye na karatasi hata moja, ndiye aliyeletwa kuwatibu wenye vyeti. Rafiki yangu mwenye Basenji hapendi nikilisema hili kwa sauti.

German Shepherd ana orodha ndefu zaidi, na siyo yote yenye kipimo cha jeni. Ubovu wa nyonga na viwiko hutokana na jeni nyingi pamoja na malezi, kwa hiyo AA na AS hazikusaidii. Unatazama eksirei za wazazi, za babu, na za ndugu zao. Kwa mfumo wa Uingereza nyonga mbili hupewa alama kutoka 0 hadi 106, na ndogo ndiyo nzuri. Kuna pia maradhi ya uti wa mgongo ambayo humlegeza miguu ya nyuma polepole, mara nyingi akishapita miaka minane, nayo kipimo chake kipo. Halafu kuna kongosho inayoshindwa kazi, mbwa anakula sana na kukonda. Usimwamini mtu anayekuambia ukoo wake hauna lolote. Aliyefuga German Shepherd kwa miaka ishirini bila tatizo hata moja, ama hapimi, ama hakuambii.

Ridgeback ndiye anayenikosesha usingizi. Mwaka 2007 watafiti waligundua kuwa ule mstari wa mgongoni unatokana na kipande cha jeni kilichojirudia, na nakala moja inatosha kuuleta. Wakikutana wazazi wenye nakala moja moja, robo ya watoto kwa wastani watazaliwa bila mstari. Unaweza kusema: basi nitafute wazazi wenye nakala mbili mbili, wote watoke na mstari. Hapo ndipo penye mtego. Mwenye nakala mbili ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na dermoidi sinasi, kile kijishimo cha ngozi kinachoshuka kama uzi kutoka shingoni au mgongoni kuelekea uti wa mgongo. Kikiingia uchafu kinaoza ndani. Hukioni kwa macho kwa urahisi. Jirani yangu alinifundisha kukitafuta: nyoa kidogo, inua ngozi ya shingo kwa vidole viwili, na uiteleze. Ukihisi uzi unaokataa kuachia, mpigie daktari wa mifugo. Vingine hutolewa kwa upasuaji, vingine vimefika mbali mno.

Kwa hiyo mfugaji mwaminifu wa Ridgeback anapaswa kutegemea watoto wasio na mstari, na kuwapenda. Haikuwa hivyo siku zote. Kanuni za kale ziliagiza wauawe siku ya kuzaliwa, na hata Uingereza jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye maadili ya wafugaji hadi BBC ilipolianika mwaka 2008. Mbegu nzima ilikuwa ikiua wale wenye afya nzuri zaidi mgongoni. Kuna pia kifafa cha utotoni, ambacho jeni yake ilijulikana 2017. Hicho kinapimika, hivyo hakuna sababu ya kukileta duniani.

Juu ya hayo yote kuna kupe. Mbwa akitoka Ulaya hajawahi kukutana na homa za kupe zetu, na mbegu haijalishi. Nimeona dume wa bei ya gari la mitumba akipelekwa kwa daktari wiki ya tatu baada ya kutua, fizi nyeupe kama karatasi. Ukiagiza kutoka nje, kibali, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo sehemu rahisi.

Siku 63, na wiki nane zinazofuata

Mimba ya mbwa ni miezi miwili na siku chache. Joto la mwili wa jike likishuka chini ya nyuzi 37, andaa maji ya kunywa na simu ya daktari: kuna uwezekano mkubwa azae ndani ya siku moja.

Sasa rudi kwenye jedwali. Watoto wanne wa Basenji ni boksi moja jikoni. Watoto kumi na moja wa Ridgeback, ambao niliwahesabu kwa macho yangu, ni shamba. Boksi la kuzalia la mbwa mkubwa linahitaji fito pembeni ili mama asimbane mtoto ukutani akijigeuza. Watoto hawajui kujipasha joto wiki mbili za kwanza, na Julai ya Nairobi siyo mchezo. Tulitumia taa nyekundu ya kulelea vifaranga, na stima ilipopotea usiku wa tatu tukazunguka na chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo hadi alfajiri. Mama ana chuchu nane hadi kumi na watoto ni kumi na moja, kwa hiyo kuna zamu, na zamu ina maana mtu hajalala. Wiki ya nne wanaanza kula. Wiki ya sita wanakula kama harusi. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili, chanjo wiki ya sita hadi ya nane, na kila kitu mara kumi na moja.

German Shepherd yuko karibu na hapo, watoto wachache kidogo. Majike wengi niliowajua ni mama hodari, tena wengine hodari kupita kiasi, hawataki hata mwenye nyumba akaribie.

Kuingia joto mara moja kwa mwaka kwa Basenji kuna sura mbili. Ukikosa siku, umekosa mwaka. Jike wa German Shepherd nikikosea siku zake, nasubiri miezi sita au saba, nampima tena homoni kwenye damu, tunajaribu. Lakini uchache huo pia ni breki. Haukuruhusu kugeuza jike mashine, na kwa anayeanza, breki ni kitu kizuri kuliko anavyodhani.

Nani atawachukua

German Shepherd huuzika kabla macho hayajafunguka. Simu inalia: "Una mbwa mkali?" Hilo ndilo tatizo lake. Wengi wanaomtaka wanataka kitu cha kufunga mnyororo getini mchana na kukifungulia usiku, na mbwa huyu, akili yote ile, akifungwa miaka miwili anaharibika hata awe na ukoo wa namna gani. Nimekataa wanunuzi wengi kuliko niliowauzia. Tena soko limejaa watoto wasio na cheti kwa bei ya chini, na mnunuzi atakuuliza wewe unalipisha nini cha ziada. Ziada ni eksirei, lakini jaribu kumweleza mtu anayetaka mlinzi wa Jumamosi.

Ridgeback ana wanunuzi wachache, wengi wao watu wenye ua mpana au shamba, wanaomjua tayari. Ni wazuri, lakini hawafiki kumi na moja kwa wakati mmoja. Jirani yangu alibaki na watatu hadi walipofika miezi saba. Piga hesabu ya chakula mwenyewe.

Basenji hana soko, ana mazungumzo. Mtu anamtazama, anatazama mbwa anayepita barabarani na mkia uliojikunja vilevile, anakutazama wewe. "Huyu si shenzi tu?" Utaanza habari za Kongo. Anayebaki akisikiliza hadi mwisho kwa kawaida ni mnunuzi mzuri. Kwa anayeishi kwenye fleti ambako mwenye nyumba hataki kelele, kutobweka ni neema. Ila habweki tu, si kwamba ni bubu. Yule niliyekaa naye, akiachwa peke yake, alitoa sauti kati ya kicheko na maombolezo, na mama wa ghorofa ya chini alikuja kuuliza kama kuna msiba. Pia alipanda ua wa waya wa mita mbili kama paka. Asiyependa mbwa wa kufikiri mwenyewe asimguse.

Nikichagua kwa niaba yako

Una ua wa kawaida, kipato cha mshahara, na unataka kujifunza kweli kazi ya ulingo: chukua German Shepherd, lakini jike, na kwa ubia. Wafugaji wengi huku hawapendi kumwuzia mgeni jike wao bora moja kwa moja, nao wana haki. Mnaandikiana kama ule mpango wa kopa mbuzi lipa mbuzi: unakaa na jike, unamlea, anaonyeshwa kwa majina yenu wawili, na katika uzao wa kwanza mwenzako anachagua mtoto mmoja au wawili. Unapoteza watoto wawili, unapata mtu atakayepokea simu yako saa nane za usiku. Mapatano yaandikwe: nani analipa upasuaji ukihitajika, na jike ni wa nani mkikosana.

Dume usianze naye. Dume mzuri wa kukodi kwa ada unampata kwa mwenzako, na yule wako, hadi awe na jina, hakuna atakayemleta jike kwake. Ukifika kuchagua dume, usikubali baba na binti wala ndugu wa tumbo moja hata ukiambiwa ndivyo ukoo unavyokazwa. Tangu 2009 Kennel Club ya Uingereza haisajili watoto wa namna hiyo.

Ridgeback ningemshauri mtu mwenye shamba, aliyewahi kuzalisha mbegu nyingine, na mwenye tumbo la kukubali robo ya watoto wasio na mstari bila kunung'unika. Usianze naye kwa sababu ni mbwa wa simba. Simba huku Kitengela anaweza kufika, lakini hakuja kwa ajili ya mbwa wako.

Basenji ni wa mwenye subira, mwenye nafasi ndogo, na mwenye pesa za kuagiza wawili wasio ndugu, maana kwa mmoja huzalishi. Ukiwa na hivyo vitatu, yeye ndiye rahisi kuliko wote: watoto wachache, vipimo vinavyojibu ndiyo au hapana, na daftari linalohitaji damu mpya.

Nenda kwenye maonyesho yajayo bila mbwa. Kaa karibu na ulingo wa mbegu unayoifikiria, ngoja hadi jaji amalize na watu wameanza chai, kisha uliza kila mfugaji swali moja: mbwa uliyemrudisha nyumbani baada ya kumwuza ni yupi? Wa kwanza niliyemwuliza aliniambia hajawahi kurudishiwa. Wa pili akabadilisha mazungumzo. Wa tatu, mama mmoja wa Ridgeback, hakujibu kitu. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, na mbwa mzee akashuka taratibu, mdomo umeota mvi, mgongo laini kabisa bila mstari. Alikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa amerudishwa mara mbili.